Zana za bure za kuhakiki makala ya bahari, zimepimwa kwa mwandishi aliye Mtwara au Lindi

Anayeandika makala ya ensaiklopidia kuhusu kuirudishia bahari uasilia wake, akiwa Mtwara au Lindi, halazimiki tena kupanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta majarida. Sehemu kubwa ya anachohitaji ipo mtandaoni bure na inafunguka kwenye simu. Shida ni kwamba kila huduma hujibu swali moja vizuri, na watu huzitumia kujibu maswali ambayo hazikuundwa kuyajibu. Hapa tunazipima zile zinazofaa zaidi kwa Wikipedia ya Kiswahili, tukitumia hoja ambazo hazikosekani katika mada hii: samaki wameongezeka kwa asilimia ngapi, mikoko mingapi imepandwa, kasa yuko hatarini kiasi gani, hifadhi ina ukubwa gani.

doi.org na Crossref

Hizi ndizo za kufungua kwanza. Makala nyingi za majarida ya sayansi ya leo zina namba ya kudumu, DOI, inayoanza na 10, kisha nukta, tarakimu kadhaa na mkwaju. Nakili namba hiyo, ibandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari, kisha linganisha mambo manne: jina la makala, mwandishi wa kwanza, mwaka, na jarida. Yakilingana yote, endelea. Ikifunguka makala nyingine kabisa, shuku kwamba rejeo limetungwa na programu ya akili mnemba. Programu hizo zinaweza kubuni jina la makala linaloshawishi na kulibandikia namba ya kazi ya mtu mwingine. Ukiambiwa namba haipo, usikimbilie kukilaumu chanzo. Kwenye simu ni rahisi kunakili pia nukta ya mwisho wa sentensi au mabano ya kufungia, na alama hiyo moja inatosha kuiharibu namba nzima. Ifute, ujaribu tena.

Kama rejeo halina DOI, bandika jina lote la makala kwenye kisanduku cha utafutaji cha Crossref, rejesta inayosajili namba hizo za majarida. Huduma hii ina faida nyingine ambayo wahariri wengi hawaitumii: tangu Septemba 2023 Crossref ndiyo inayomiliki hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa baada ya kuchapishwa, na imeiacha wazi kwa yeyote. Makala iliyofutwa haitoweki mtandaoni. Nakala zake hubaki kwenye kurasa za watu na kwenye hifadhi za vyuo, zikisomeka kama nzima. Kuangalia kunachukua dakika moja, na hakuna sababu ya kuruka hatua hiyo.

Kwa kasi, kwa matumizi madogo ya data na kwa uhakika wa jibu, hakuna huduma nyingine katika tathmini hii inayozifikia hizi mbili. Lakini zinathibitisha kitu kimoja tu, kwamba chanzo kipo. Kama kinasema kile ulichoandika wewe, hapo hazina la kukuambia. Pia ripoti nyingi za Tanzania, zikiwemo za idara na za miradi ya pwani, hazina DOI kabisa, na kutokuwa nayo si dalili ya uongo.

Mfano unaoonyesha mpaka huo vizuri ni Cabo Pulmo, hifadhi ya bahari ya Meksiko iliyoanzishwa 1995, ambayo hutajwa karibu kila mahali mada hii inapozungumzwa. Utafiti wa Aburto-Oropeza na wenzake, uliotoka katika PLoS ONE mwaka 2011, ulikuta uzito wa samaki umeongezeka kwa 463% kati ya 1999 na 2009. DOI yake ni halali, jarida ni la wazi, hakuna kasoro. Kisha mwandishi anatafsiri: “samaki wameongezeka mara nne na nusu.” Hilo si kweli. Makala yenyewe inatoa uzito kwa hekta: tani 0.75 mwaka 1999, tani 4.24 mwaka 2009. Gawanya, unapata mara 5.65. Ongezeko la 100% maana yake ni mara mbili, kwa hiyo ongezeko la 463% ni zaidi ya mara tano na nusu. Ukitoa 0.75 kwenye 4.24 na kugawanya kwa 0.75 utapata takriban 465%. Tofauti hiyo ndogo imetokana na kukadirisha desimali, isikutie shaka. Njia salama ni kuandika tani zenyewe pamoja na miaka yake, msomaji ahesabu mwenyewe.

Angalia pia kilichopimwa. Ni uzito, si idadi. Chewa mmoja mkubwa ana uzito wa tasi wengi, na katika eneo linalopumzishwa mabadiliko makubwa mara nyingi huonekana kwa samaki wawindaji. Makala hiyohiyo inasema kwamba maeneo mengine ya Ghuba ya California yaliyolinganishwa, hata yale yenye jina la hifadhi, hayakuonyesha mabadiliko ya namna hiyo. Sentensi isemayo “hifadhi za bahari huongeza samaki kwa 463%” inachukua mfano bora duniani na kuufanya kuwa wastani.

Kosa la jamii hiyo linakikumba pia chanzo kingine kinachopendwa, utafiti wa Orth na wenzake katika Science Advances, 2020, kuhusu nyasi bahari za pwani ya Virginia, Marekani. Zaidi ya mbegu milioni 70 zilimwagwa, na kufikia wakati wa utafiti nyasi zilikuwa zimefunika hekta 3,612. Waandishi wengi huandika kwamba hekta 3,612 zilipandwa. Zilizopandwa ni 213. Nyasi zenyewe ndizo zilizosambaa na kufunika zilizobaki, na hapo ndipo ulipo uzito wa mada nzima: binadamu anaanzisha, bahari inamalizia. Ukikosea namba hiyo umeipoteza hoja ambayo makala yako iliandikwa kuieleza.

Kufikia maandishi kamili

Ikisiri haitoshi kuhakikia. Tarakimu ya ikisiri mara nyingi imekatwa masharti yake, na masharti hayo yako kwenye sehemu ya mbinu au chini ya jedwali.

Unpaywall, inayowekwa kwenye kivinjari cha kompyuta, hutafuta nakala halali ya bure ya makala iliyofungwa. Ikiipata, alama ya kufuli pembeni mwa ukurasa hugeuka kijani. Inafanya kazi vizuri, ila angalia imekupa toleo gani. Nakala aliyoiweka mwandishi chuoni kwake inaweza kuwa rasimu ya kabla ya kuhaririwa, na namba za kurasa hazitafanana na za jarida. Usinukuu ukurasa kutoka kwenye rasimu.

Maktaba ya Wikipedia ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote: mhariri anaingia kwa akaunti yake na kufunguliwa mikusanyo ya wachapishaji wa kulipia, ikiwemo JSTOR. Masharti ni akaunti yenye angalau miezi 6, hariri 500, hariri 10 ndani ya mwezi uliopita, na usiwe umefungiwa. Hariri za miradi yote ya Wikimedia hujumlishwa, kwa hiyo aliyepakia picha nyingi Commons, hifadhi ya picha ya Wikimedia, anaweza kufikisha 500 bila kuandika makala nyingi. Kwa mhariri mpya wa Mtwara sharti hilo ni zito. Kwa mhariri wa kudumu ni zawadi isiyo na mfano, na asiyeitumia anajinyima. Kumbuka tu kwamba sharti la hariri 10 za kila mwezi huangaliwa tena na tena. Ukikaa kimya miezi miwili, mlango unafungwa hadi urudi kazini.

Kwa bahari yetu hasa, hazina mbili zina thamani kuliko majina makubwa. AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika, ina jarida la sayansi ya bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi linalochapishwa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar. AquaDocs, hazina ya tume ya bahari ya UNESCO, ina ripoti za zamani ambazo haziko kwingine, zile za karatasi zilizoskaniwa. Utafutaji wa AquaDocs hauvumilii tahajia tofauti. Tafuta Ruvuma, kisha Rovuma, kwa sababu watafiti wa upande wa Msumbiji huandika hivyo. Tafuta Mnazi Bay peke yake, kisha Mtwara, kisha Mikindani. PDF zilizoskaniwa ni nzito na maneno ya ndani hayatafutiki, kwa hiyo zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi na uwe na muda wa kupitia ukurasa kwa ukurasa. Kwa majarida ya wazi kama PLoS ONE, soma ukurasa wa kawaida badala ya PDF, utaokoa kifurushi.

WoRMS kwa majina ya viumbe

Rejesta hii ya spishi za bahari, inayotunzwa Ostend, Ubelgiji, ni nyepesi, inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na haikuzungushi. Andika jina la kisayansi, uone kama limekubaliwa au limeachwa, na kama limeachwa, jina gani limechukua nafasi yake. Pweza wetu wa miambani ni *Octopus cyanea*, aliyepewa jina na Gray mwaka 1849. Mtaje hivyo na hakuna atakayemchanganya na pweza wa spishi nyingine. Kwa mikoko, msinzi utaukuta kwa tahajia mbili, *Bruguiera gymnorhiza* na yenye r mbili. Tumia inayokubaliwa na rejesta, na utafute kwa zote mbili, la sivyo utakosa nusu ya maandiko.

Usiitumie WoRMS kuthibitisha kwamba spishi fulani ipo Mtwara. Orodha yake ya maeneo inategemea kilichoingizwa na wahariri wake, na sehemu za pwani ya Afrika Mashariki zina mapengo.

Orodha Nyekundu ya IUCN

Chanzo hiki, orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili inayopanga spishi kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, ni imara na hutumiwa vibaya kila siku. Sababu ni moja: watu hunakili daraja la hatari bila tarehe na bila eneo.

Chukua kasa wa kijani, *Chelonia mydas*. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa hatarini kutoweka, na makala karibu zote za Kiswahili bado zinasema hivyo. Oktoba 2025 IUCN ilitangaza kwamba daraja lake la dunia limeshuka hadi lile lisilo na wasiwasi mkubwa, baada ya miongo ya kulinda fukwe za kutagia na kuwazuia wavuvi kumnasa. Kwa makala ya kurudisha uasilia huu ni ushahidi mkubwa, na unapaswa kuwa ndani. Ila ng'amba, *Eretmochelys imbricata*, bado yuko katika daraja la juu kabisa la hatari, na mwandishi anayeandika “kasa” bila kusema yupi anachanganya habari mbili zinazopingana.

Nguva ni mtego wa upande wa pili. Kwa dunia nzima yuko katika daraja la chini kati ya madaraja matatu ya spishi zilizo hatarini (Vulnerable). Lakini Desemba 2022 kundi la pwani ya Afrika Mashariki lilitathminiwa peke yake na kuwekwa katika daraja la hatari kubwa mno, likikadiriwa kuwa na nguva wakomavu wasiofika 250. Ukurasa unaojitokeza kwanza ukitafuta ni wa dunia. Ukishuka chini kuna sehemu ya tathmini za makundi na kanda, na hapo ndipo mwandishi wa kusini mwa Tanzania anapotakiwa kusoma. Kila ukurasa una tarehe mbili, ya tathmini kufanyika na ya kuchapishwa, na zinaweza kupishana kwa miaka. Inayotakiwa kwenye sentensi yako ni ya tathmini.

Ramani: Protected Planet na Global Mangrove Watch

Protected Planet ni hifadhidata ya dunia ya maeneo yaliyohifadhiwa, inayotunzwa na UNEP-WCMC, kituo cha uhifadhi cha Umoja wa Mataifa, pamoja na IUCN. Ina jina, mwaka, aina na ukubwa. Kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, tarakimu inayozunguka ni kilomita za mraba 650. Ni sahihi, ila si za bahari zote: takriban 430 ni eneo la bahari na 220 ni nchi kavu. Makala inayolinganisha hifadhi za bahari kwa ukubwa wa maji ikitumia 650 imeongeza theluthi ya jumla isiyostahili. Hifadhidata ina visanduku viwili, ukubwa wote na ukubwa wa bahari, soma vyote.

Kwa mwaka na msingi wa kisheria, usiishie kwenye hifadhidata yoyote. Nenda kwenye sheria yenyewe, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, inayopatikana bure FAOLEX, hifadhidata ya sheria ya FAO. Kwenye machapisho ya sheria zilizofanyiwa urekebu ileile huitwa Sura ya 146, na kuna makala zinazozitaja kana kwamba ni sheria mbili. Mipaka ya hifadhi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo tafuta namba ya tangazo. Katika hili chanzo cha msingi kinakubalika Wikipedia, kwa sababu unakitumia kueleza kilichoandikwa, si kutoa tafsiri yako.

Hapohapo kuna mkanganyiko wa asilimia 30. Makubaliano ya Kunming-Montreal ya Desemba 2022 yana malengo mawili yenye namba hiyo na mwaka uleule wa 2030. Lengo la 2 linahusu kurejesha 30% ya mifumo iliyoharibika, lengo la 3 linahusu kuhifadhi 30% ya nchi kavu, maji na bahari. Makala kuhusu kurudisha uasilia inatakiwa ianze na la 2. Nyingi hutaja la 3.

Global Mangrove Watch ni ramani nzuri, na ni nzito. Data yake ya mfululizo inaanza 1996 na imetokana na satelaiti. Inafaa kuonyesha mabadiliko makubwa, mathalani ya delta ya Rufiji au lango la Ruvuma. Haifai kabisa kuthibitisha habari za upandaji wa juzi. Picha zake za mfululizo zina vipande vya mita 25 kwa 25, na miche ya mwaka mmoja au miwili haina majani ya kutosha kuonekana kutoka angani. Mtu akisema ramani haionyeshi mikoko iliyopandwa kwenye mkono fulani wa bahari, hajathibitisha kwamba haikupandwa. Akisema ramani inaionyesha, pengine anatazama mikoko ya asili iliyokuwapo tangu awali.

Na hili la upandaji ndilo linalostahili ukali kuliko yote, kwa sababu takwimu za mikoko huingia kwenye makala zikiwa mbichi. Taarifa ya habari inasema miche elfu kadhaa imepandwa siku fulani, ikiwa na picha ya viongozi na wanafunzi wamesimama kwenye tope. Kinachothibitishwa na taarifa hiyo ni tukio. Kwa makala ya ensaiklopidia tafuta vitu vinne: spishi iliyopandwa, mahali ilipopandwa kulingana na kiwango cha maji, tarehe ya kuhesabu tena, na idadi iliyokutwa hai. Visipokuwapo, andika “ilipandwa” na usiandike “ilirejeshwa”.

Kiwango cha maji si jambo dogo. Kati ya aina za mikoko, mlilana hustahimili mbele kabisa, upande wa bahari. Mkoko wenyewe, yaani *Rhizophora*, hupenda kingo za mito na katikati. Mkandaa hukaa nyuma, ambako maji ya bamvua ndiyo hufika. Miradi mingi duniani imepanda mbegu za mkoko kwenye tope tupu la mbele kwa sababu hapo hapana mwenyewe na mbegu zake ndefu ni rahisi kuchomeka ardhini. Matokeo yake miche huzama kwa saa nyingi mno kila siku, mawimbi huing'oa, mchanga huifukia, na wakati mwingine nyasi bahari zilizokuwa zikiishi hapo huharibiwa bure. Mapitio ya Primavera na Esteban ya 2008 kuhusu Ufilipino yalikuta kwamba kwa muda mrefu ni 10 hadi 20% tu ya miche ndiyo inayobaki. Usihamishe asilimia hiyo kwenda Lindi. Itumie kumwonyesha msomaji kwa nini idadi ya siku ya kupanda haitoshi.

Matumbawe nayo yana tatizo linalofanana. Mapitio ya Boström-Einarsson na wenzake, PLoS ONE 2020, yalikusanya mifano 362 ya urejeshaji na kukuta wastani wa kupona ni kati ya 60 na 70%. Inanukuliwa sana. Kisichonukuliwa ni kwamba 60% ya miradi hiyo ilifuatiliwa kwa chini ya miezi 18. Ziandike namba hizo mbili pamoja, au usiandike hata moja.

Google Scholar na namba zinazopendwa

Scholar ni nzuri kwa kazi moja ambayo huduma nyingine haziiwezi: kufuata namba hadi ilikozaliwa. Weka maneno ya hoja ndani ya alama za kunukuu, kisha punguza miaka kutoka juu, kabla ya 2020, kabla ya 2015, kabla ya 2010, hadi matokeo yaishe. Wa mwisho kubaki ndiye wa kusomwa. Idadi ya walionukuu usiifanye ushahidi. Inaonyesha umaarufu.

Kwa njia hii namba kadhaa hupungua nguvu. “Kila nyangumi mkubwa huhifadhi tani 33 za hewa ya ukaa” imetapakaa kupitia makala ya Desemba 2019 ya jarida la Shirika la Fedha la Kimataifa, kazi ya kiuchumi. Mapitio ya wanabiolojia ya Pearson na wenzake, 2023, yalikuwa na tahadhari zaidi kuhusu kiasi ambacho nyangumi wanaweza kuondoa. Jina kubwa la taasisi halifanyi kila sehemu ya maandishi yake kuwa sayansi ya bahari. “Matumbawe hufunika chini ya 1% ya bahari” ni kweli, ila ni ya jumla mno: makadirio ya UNEP-WCMC ya 2001 ni kilomita za mraba 284,300, na bahari zote ni kama milioni 361, kwa hiyo ni chini ya 0.1%. Na ile ya nyasi bahari kufyonza kaboni mara 35 kuliko msitu wa mvua inalinganisha kasi ya kaboni kuzikwa ardhini kwa eneo lililo sawa. Haisemi kwamba nyasi bahari zote zimebeba kaboni kuliko misitu yote. Neno “hufyonza” likibadilishwa kuwa “huzika kwenye matope yake”, na “kwa kila hekta” ikaongezwa, sentensi inasimama.

Wayback Machine

Tovuti za taasisi za umma na za miradi hubadilishwa anwani au kuzimwa mradi unapoisha, na hapo tanbihi inakufa. Fungua web.archive.org/save, bandika anwani, subiri ithibitishe, kisha weka kiungo kilichohifadhiwa kando ya kile cha asili. Kazi ya kupakua inafanywa na mitambo yao, kwa hiyo hata ripoti nzito inahifadhiwa bila kumaliza kifurushi chako. PDF na kurasa za maandishi hutoka vizuri. Ramani za kubofya na machapisho ya mitandao ya kijamii mara nyingi hutoka tupu, kwa hiyo baada ya kuhifadhi, fungua nakala uione. Oktoba 2024 huduma hii ilishambuliwa na kuzimika kwa siku kadhaa. Kwa chanzo ambacho makala nzima inakitegemea, weka pia nakala kwenye diski yako.

Yanayojulikana pwani na hayamo mtandaoni

Mvuvi wa Msimbati anaweza kukueleza ni mwamba upi umepata uhai tangu baruti zipungue, na pweza wameanza kuonekana wapi baada ya eneo kufungwa. Kwa kanuni za Wikipedia huwezi kumweka kwenye tanbihi, kwa kuwa maneno yasiyochapishwa ni utafiti binafsi. Hilo linaumiza, hasa kwa pwani ambayo imeandikwa kidogo kuliko ya kaskazini. Lakini maelezo yake yana kazi kubwa kabla ya tanbihi: yanakuambia utafute nini, na yanakustua chanzo kinaposema jambo lisilowezekana, kwa mfano kuweka mlilana nyuma ya mkandaa au kutaja mwamba mahali penye mchanga mtupu.

Baruti yenyewe ni mfano wa jinsi chanzo kizuri kinavyozeeka. Utafiti wa Braulik na wenzake katika Marine Pollution Bulletin, 2017, ulisikiliza bahari kwa vinasa sauti vilivyokokotwa na chombo kando ya pwani yote ya Tanzania, katika safari ya kilomita 2,692, Machi na Aprili 2015. Ulithibitisha milipuko 318 katika saa 231 za kurekodi, na 62% ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Hiyo ni kazi ya kipimo, adimu na ya kuheshimiwa. Makosa yanayofanywa nayo ni matatu: kuandika 318 kama jumla ya mwaka, kuisambaza sawasawa hadi Mtwara wakati makala inasema wazi wapi palikuwa pabaya zaidi, na kuitumia kwa wakati uliopo. Andika “Machi na Aprili 2015” ndani ya sentensi yenyewe, isibaki kwenye tanbihi tu, maana wanaonakili makala za Kiswahili huacha tanbihi nyuma.

Picha ni njia halali ya kuingiza pwani ya kusini kwenye makala bila kuvunja kanuni hiyo. Piga maji yakiwa yametoka kabisa siku za bamvua, pakia Commons chini ya leseni huru, na ujaze tarehe, jina la kisayansi la kiumbe na mahali. Kwa mikoko na nyasi bahari weka viwianishi kamili, vitamfaa atakayetaka kulinganisha miaka ijayo. Kwa fukwe wanakotaga kasa, taja wilaya tu na uzime GPS ya kamera kabla ya kupiga, kwa sababu faili hubeba mahali halisi hata kama wewe hukuandika.